Nani Atampa Mkulima Haki? Imani ya Kikristo na Umaksi Katika Nchi ya Eldoret

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo walivyonena wazee wa zamani. Hata hivyo wako watu wa namna mbili, waliotengana sana kwa mafundisho, ambao wote hudai kwamba wao ndio wanaomsikia mwenye njaa: wafuasi wa Yesu Kristo na wafuasi wa Karl Marx. Katika Kenya, ni mahali pachache madai hayo yalipojaribiwa vikali kama katika mji wa Eldoret na mashamba ya Uasin Gishu yanayouzunguka.

Nchi hiyo ni uwanda wa juu, wenye udongo mwema wa mahindi na ngano. Zamani ilikuwa malisho ya Wamasai wa Uasin Gishu, kisha ya Wanandi. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa, na upinzani wa watu wake ukavunjika. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda uwanda huo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa mashamba. Mji wenyewe ulianzia katika shamba namba 64, ndiyo sababu wenyeji wakauita Sisibo. Makaburu walikuwa Wakristo washika dini. Lakini dini yao haikuwazuia kulima nchi iliyotwaliwa kwa wenyewe, wala kuwatumikisha Waafrika kama maskwota. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: Je, dini ya namna hiyo yaweza kuleta haki?

Karl Marx, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1818 na kufariki London mwaka 1883, alifundisha kwamba shina la dhuluma ni umilikaji. Mwenye shamba, kiwanda na mtaji hula jasho la asiye navyo. Na sheria, serikali, hata dini, husaidia hali hiyo idumu. Kwa maoni yake dini ni mfano wa kasumba: humtuliza mgonjwa pasipo kumponya. Dawa yake ni wafanyakazi waungane, wawaondolee mabepari mali ile izalishayo mali, iwe ya watu wote.

Imani ya Kikristo huanzia mahali pengine. Husema kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba shina la dhuluma ni dhambi iliyomo moyoni, kwa tajiri na kwa maskini pia. Lakini hukosea wanaodhani kwamba Biblia haina neno juu ya mali. Sheria ya Musa iliagiza kwamba katika mwaka wa hamsini, yaani mwaka wa yubile, shamba lililouzwa limrudie mwenyewe. Nabii Amosi aliwakemea waliomkanyaga maskini. Nacho kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia habari za waumini wa Yerusalemu waliouza viwanja vyao, wakagawiana kadiri ya haja ya kila mmoja. Ila wao walifanya hivyo kwa hiari, si kwa amri ya dola.

Katika Kenya alikuwako mtu aliyeyachukua mambo hayo mawili katika kifua kimoja. Bildad Kaggia alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, kisha akarudi kwao akaanzisha kanisa lisilotawaliwa na wamisionari. Mwaka 1953 alihukumiwa kifungo pamoja na Jomo Kenyatta huko Kapenguria, ng'ambo ya Kitale kwa mtu atokaye Eldoret. Wakati wa Uhuru, mwaka 1963, Mpango wa Ekari Milioni Moja ulikuwa umekwisha kuanza: mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, na wakulima Waafrika waliopewa wakatakiwa kulipa deni. Kaggia alipinga. Alisema si haki mtu kununua kile walichonyang'anywa baba zake, akataka wasio na ardhi wapewe bure. Kwa ajili ya jambo hilo alitoka serikalini mwaka 1964, na mwaka 1966 akaingia katika chama cha KPU pamoja na Oginga Odinga. Wapinzani wake walimwita Mkomunisti. Alifariki mwaka 2005, naye hakuwa tajiri.

Serikali ilitoa jibu lake mwaka 1965, katika waraka namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo uliyakataa mafundisho ya Marx, ukisema kwamba Afrika ya asili haikuwa na matabaka kama ya Ulaya. Wamaksi walijibu kwamba matabaka yamekwisha kuzaliwa: bwana mweupe ameondoka, na bwana mweusi amekikalia kiti chake. Mwaka 1982 Kenya ikafanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja, na baadhi ya walimu wa Chuo Kikuu walioshukiwa kuwa Wamaksi wakatiwa kizuizini au gerezani.

Walipofungwa midomo hao, mimbari za makanisa zilibaki wazi. Mwaka 1983 Alexander Kipsang Muge alikuwa Askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret. Hakuwa Mmaksi. Lakini alinena hadharani juu ya unyakuzi wa ardhi, juu ya njaa iliyofichwa, na juu ya uchaguzi wa mlolongo, ambao wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea badala ya kupiga kura ya siri. Mwezi wa Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi Eldoret, gari lake liligongana na lori karibu na Kipkaren, akafa. Waziri alijiuzulu, na watu wengi walikataa kusadiki kwamba ilikuwa ajali tu.

Mmaksi aweza kusema kwamba kifo hicho chaonyesha udhaifu wa mahubiri mbele ya nguvu za wenye mali. Naye Mkristo aweza kuuliza: ni hesabu gani ya faida imwongozayo mtu kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya maskini asiowajua?

Lakini jaribu kali kuliko yote lilikuja tarehe 1 Januari 2008. Baada ya ugomvi wa uchaguzi, wakulima waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Makumi walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Katika fujo za siku zile, wengi wa pande zote mbili walikuwa wakulima wadogo, wenye jembe lile lile na gunia la mahindi la bei ile ile. Marx alitazamia kwamba maskini wangeungana, hawakuungana. Wengi wa pande zote mbili walikuwa wamebatizwa, ubatizo haukuwazuia.

Kila upande, basi, una neno la kujifunza kwa mwenzake. Mhubiri awaambiaye watu wapendane, asiulize ardhi ilipotokea na nani aliyeichukua, huacha kidonda kikaoza chini ya bandeji. Naye ageuzaye umilikaji peke yake, asiguse chuki na tamaa, hubadili wanyang'anyi tu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 60, yaagiza kwamba ardhi ishikwe na kutumiwa kwa usawa. Lakini agizo hilo halijitekelezi lenyewe.

Hutekelezwa, au huvunjwa, katika mambo madogo. Karani wa ofisi ya ardhi huletewa bahasha ili faili la mjane lipotee. Mkulima huona asubuhi kwamba mpaka wa jirani yake wa kabila jingine umesogezwa, naye ajua ni nani aliyeusogeza. Hapo hakuna aulizwaye kama amesoma Biblia au vitabu vya Marx. Huulizwa kama atasema alichokiona.