Rangi za Kompyuta si Pambo, ni Jambo la Zamu

Askari aliyefundishwa vema anajua kwamba sare yake haikushonwa kwa ajili ya urembo. Rangi ya sare ina kazi: humficha porini, humtambulisha mjini, na humwezesha raia kumjua askari wa barabarani kwa mbali. Lakini askari huyohuyo akiketi mbele ya kompyuta, huzipokea rangi alizozikuta kana kwamba zimeletwa kwa amri isiyojadiliwa. Leo tungependa kuzungumza na wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hili, ambalo wengi hulidhania kuwa mchezo wa vijana.

Tunaandika kutoka Ndera, wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Kompyuta si mgeni huku. Katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, upande huu wa Masoro na Ndera, ndiko kampuni ya Positivo BGH ilikoanza kuunganisha kompyuta za mpakato mwaka 2015. Kwa hiyo tunachozungumzia ni chombo cha kazi cha kila siku, sawa na redio ya upepo na kitabu cha matukio.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze kwa kukiri kosa. Wakati fulani tulitengeneza jedwali la magari la kutumiwa na watu wa zamu. Gari lililo tayari tulilipaka kijani. Lililo katika matengenezo tulilipaka nyekundu. Hatukuandika neno lolote, kwa kuwa tuliona rangi zinajieleza. Usiku mmoja koplo wa zamu akampeleka dereva kwenye gari lisilokuwa na breki. Bahati njema dereva alilikagua kabla ya kuliwasha. Tulimkemea koplo yule mbele ya wenzake, naye akasimama wima bila kujibu.

Kesho yake alikuja peke yake. "Afande," alisema, "rangi zile mbili kwangu ni ndugu wa baba mmoja. Hata mjomba wangu yuko hivyo hivyo." Tulimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Niliogopa kuambiwa sifai kazi."

Tuliona haya. Mtu yule hakuwa mzembe. Aliyekuwa mzembe ni yule aliyetia amri ndani ya rangi tupu, akadhani macho yote ya binadamu yameumbwa sawasawa.

JICHO LISILOTENGANISHA RANGI

Hali hii inajulikana tangu zamani. Mwaka 1794 mwanasayansi Mwingereza John Dalton aliieleza kutokana na macho yake mwenyewe. Mwaka 1917 Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, alitoa vibao vyake maarufu vya vitone vyenye tarakimu iliyofichwa ndani, ambavyo vilianzia katika haja ya kuwapima vijana walioingia jeshini. Hata leo vibao hivyo vinatumika hospitalini duniani kote.

Kasoro hii hurithiwa zaidi kupitia kwa mama, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Ndiyo maana koplo wetu alimtaja mjomba wake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 anayo. Miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na katika kikosi cha mamia ya wanaume si ajabu kuwakuta kadhaa. Ni kweli kwamba kuna kazi, kama urubani, ambazo hudai jicho lenye kutenganisha rangi. Lakini kusoma jedwali la zamu hakupaswi kuwa mojawapo.

RANGI ZILIVYOINGIA KATIKA KOMPYUTA

Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilionyesha nyeusi na nyeupe tu. Programu ya Windows ilipotoka mwaka 1985, rangi zilikuwamo. Mtumiaji aliruhusiwa kuchagua mwenyewe rangi ya madirisha, ya maandishi na ya uwanda ule unaoonekana kompyuta inapowaka, ambao kwa Kiswahili huitwa eneokazi. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuwa hata na mpango wa nyekundu na manjano uliowaudhi watu wengi kwa ukali wake.

Afrika nayo ina sehemu katika historia hii. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Ubuntu, jina lenye maana ya utu. Eneokazi lake lilipakwa rangi ya kahawia, rangi ya udongo na ya ngozi ya binadamu, mpaka lilipobadilishwa mwaka 2010. Rangi hizi, basi, ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu waweza kurekebishwa kwa haja ya kazi.

ZAMU YA USIKU

Mlinzi anayetoka chumba chenye kioo cheupe kinachong'aa na kuingia gizani hutembea kama kipofu kwa muda. Jicho huhitaji kiasi cha dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa sekunde chache huiharibu kazi hiyo yote. Chembe za jicho zinazoona gizani haziathiriwi sana na mwanga mwekundu hafifu. Hii ndiyo sababu taa nyekundu zilitumika katika nyambizi na ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Usiku, chagua mandhari meusi yenye maandishi ya kijivu, na juu ya yote punguza ukali wa mwanga, kwani mandhari meusi peke yake hayatoshi. Mchana, katika chumba chenye jua, rudisha mandhari meupe yenye maandishi meusi; wasomaji wengi huyaona vizuri zaidi wakati huo.

LA KUFANYA

Katika Windows 10 na 11, bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi U. Utafunguka ukurasa wa misaada ya macho na masikio. Humo mna mandhari ya utofauti mkubwa, ambayo hutenga maandishi na usuli wake kwa nguvu, na mna vichujio vya rangi kwa wasiotenganisha nyekundu na kijani. Kichujio hakiponyi jicho, lakini huzisogeza rangi mpaka zitengane. Mipangilio hii huhifadhiwa chini ya jina la kila mtumiaji. Basi kila askari na aingie kwa jina lake na neno lake la siri, kama kanuni zinavyotaka, naye atazikuta rangi zake bila kumsumbua mwenzake.

Ukiandika taarifa, kumbuka kipimo cha kimataifa cha mwaka 2008: maandishi ya kawaida yapishane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Manjano juu ya nyeupe haifiki popote.

Na lililo kubwa kuliko yote: rangi isiachwe peke yake kubeba amri. Katika majeshi ya Marekani, juu ya kioo cha kompyuta huwekwa utepe wa kijani, nyekundu au rangi ya chungwa kuonyesha kiwango cha siri, lakini kiwango chenyewe huandikwa juu yake kwa maneno.

Sisi nasi tulilirekebisha jedwali letu. Kijani na nyekundu tuliziondoa, tukaweka bluu na chungwa, na katika kila mstari tukaandika TAYARI au MATENGENEZO. Koplo yule hakukosea tena. Tulimtaka radhi mbele ya wenzake walewale waliosikia tukimkemea, na juma hilohilo askari wengine wawili wakajitokeza kusema kwamba nao walikuwa wakibahatisha.

Enyi makamanda na wakuu wa vituo, waulizeni askari wenu wanaona nini kiooni. Waulizeni kwa upole, ili wapate kusema kweli.