Taa Ipi Yafaa Kumulika Viini vya Kifua Kikuu?

Kifua kikuu kingali kinaua watu wengi nchini, ilhali ni ugonjwa unaotibika. Mgonjwa anayegunduliwa mapema hupewa dawa bila malipo katika hospitali za serikali, na wengi hupona kwa muda wa miezi sita. Wa kuhofiwa zaidi ni yule ambaye makohozi yake yamepimwa akaambiwa hana ugonjwa, kumbe viini vimo. Huyo hurudi nyumbani akaendelea kukohoa, na walio karibu naye, hasa watoto, huendelea kuvuta hewa yenye viini hivyo.

Kosa la aina hiyo si la mpimaji kila mara. Wakati mwingine ni la taa. Kwa sababu hiyo, msomaji, leo tuzungumze juu ya mwanga wa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Huenda wewe ni mwanakamati wa kituo cha afya, mzee wa kanisa lenye zahanati, au mwananchi anayechanga pesa za kununua vifaa. Utakapoletewa orodha ya bei, yafaa ujue unanunua nini.

Njia mbili za kutafuta viini

Viini vya kifua kikuu vilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Muda mfupi baadaye, Wajerumani wengine wawili, Franz Ziehl na Friedrich Neelsen, waliboresha njia ya kuvipaka rangi. Ukuta wa kiini hiki una nta, kwa hivyo ukishanyonya rangi, hata asidi haiiondoi kwa urahisi. Kwa njia hiyo ya zamani, kiini huonekana chekundu juu ya mandhari ya buluu. Shida ni kwamba mpimaji lazima akuze mara 1,000, atumie mafuta juu ya kioo, na kupitia sehemu zipatazo 100 za kioo hicho kabla ya kusema hakuna kitu.

Njia ya pili ni ya mng'ao. Umewahi kuona karani wa benki akiweka noti chini ya taa ya zambarau, kisha alama zilizofichika zikang'aa? Rangi iliyo ndani ya noti hupokea mwanga wa aina moja na kutoa mwanga wa aina nyingine. Maabara hufanya vivyo hivyo. Makohozi hupakwa rangi iitwayo auramini, kisha humulikwa kwa mwanga wa buluu. Kiini huwaka rangi ya manjano-kijani katika giza, mfano wa nyota usiku.

Kwa kuwa kinawaka, hakuna haja ya kukikuza mara 1,000. Mara 200 hadi 400 zatosha, na kila mpimaji anapochungulia huona eneo kubwa zaidi. Kioo kilichohitaji dakika tano au zaidi huweza kusomwa kwa dakika moja au mbili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa uwezo wa njia hii kugundua wagonjwa unazidi ule wa njia ya zamani kwa asilimia 10 hivi kwa wastani. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2003 nao ulikuta kuwa njia ya mng'ao iligundua wagonjwa wengi zaidi.

Taa ya zebaki na matatizo yake

Kama njia hii ni nzuri hivyo, mbona kwa miaka mingi ilibaki katika hospitali kubwa tu? Jibu ni taa. Hadubini za mng'ao zilitumia taa ya mvuke wa zebaki, ambayo mwanga wake ni mkali sana lakini ina gharama na taabu nyingi.

Kwanza, haidumu. Taa nyingi za aina hii hutumika kwa saa 200 hadi 300 tu. Chukua maabara inayoiwasha saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki: hizo ni saa 20 kwa wiki. Taa ya saa 200 itakwisha baada ya wiki 10. Mwaka mmoja utahitaji taa tano.

Pili, haipendi kuzimwa na kuwashwa. Ikiwashwa hungojewa ipate moto, na ikizimika sharti ipoe kabla ya kuwashwa tena. Stima ikipotea kwa dakika mbili tu, mpimaji huenda akangoja nusu saa.

Tatu, hufifia kidogo kidogo kabla ya kufa. Hapa ndipo mgonjwa anapoumia. Taa iliyochoka hufanya viini ving'ae hafifu, mpimaji asivione, na karatasi ya majibu iandikwe kuwa hakuna ugonjwa.

Nne, ina hatari. Hutoa miale ya urujuanimno inayodhuru macho, na ikitumiwa kupita muda wake yaweza kupasuka na kumwaga mvuke wa zebaki, ambao ni sumu. Zaidi ya hayo, huhitaji chumba chenye giza.

Taa ya halojeni ni rahisi kununua, lakini mwanga wake una buluu kidogo, kwa hivyo viini huonekana hafifu.

Taa za LED

Taa za LED ndizo zilizobadili mambo. LED ya buluu iliyo angavu ilitengenezwa na wanasayansi wa Kijapani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Taa hii yaweza kudumu saa 10,000 na zaidi. Kwa maabara yetu ya saa 20 kwa wiki, hizo ni wiki 500, yaani zaidi ya miaka tisa. Huwaka papo hapo, hutumia umeme kidogo kiasi cha kuendeshwa kwa betri au stima ya jua, haina zebaki, na mara nyingi haihitaji chumba cha giza.

Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha sera inayopendekeza hadubini za mng'ao za taa ya zamani zibadilishwe kwa zile za LED, na LED ichukue hatua kwa hatua mahali pa njia ya Ziehl na Neelsen, katika maabara kubwa na ndogo.

Uliza haya kabla ya kulipa

Je, ni LED ya buluu iliyotengenezwa kwa kazi hii? Auramini hutaka mwanga wa nanomita 450 hadi 470 hivi, pamoja na vichujio vinavyolingana nao. LED nyeupe ya kawaida bila vichujio haitakufaa.

Je, hadubini hiyo yaweza pia kutumia mwanga wa kawaida? Zahanati huhitaji kupima malaria kwa chombo hicho hicho. Kama tayari mnayo hadubini nzuri, ulizeni kama kuna kiambatisho cha LED kinachoingia humo. Huweza kuwa nafuu kuliko kununua nzima.

Je, ina betri? Dhamana ni ya muda gani, na fundi yuko wapi?

Je, wapimaji watafunzwa? Uchafu nao huweza kung'aa, na asiyezoea atauita kiini. Kila siku ya kupima sharti kuwe na kioo kinachojulikana kuwa na viini na kingine kisicho navyo, ili rangi na taa vithibitishwe. Vioo vilivyopakwa auramini vikingojea kusomwa viwekwe gizani, visomwe siku hiyo au kesho yake, kwani mng'ao hufifia.

Taa nzee za zebaki zisitupwe shimoni wala kuchomwa. Zirudishwe kwa muuzaji au zikabidhiwe wahusika wa taka za hatari.

Hadubini haitoshi peke yake

Hata taa bora haioni kila kitu. Hadubini huhitaji viini 5,000 hadi 10,000 hivi katika mililita moja ya makohozi. Watoto na wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi huwa na viini vichache kuliko hivyo. Tena haiwezi kuonyesha kama viini vimekuwa sugu kwa dawa. Kwa hivyo kipimo cha kwanza kinachopendekezwa leo ni kile cha chembe za urithi, kama GeneXpert. Lakini kipimo hicho huweza kuona hata mabaki ya viini vilivyokufa, na hivyo hakifai kumfuatilia mgonjwa aliye kwenye dawa. Hapo, na pale ambapo mashine hiyo haifiki, hadubini bado ina kazi.

Ukikohoa kwa zaidi ya wiki mbili, ukikonda au ukitokwa na jasho usiku, nenda ukapimwe. Toa makohozi kutoka ndani ya kifua, si mate. Ukiambiwa huna viini na kikohozi kisikome, usikae nyumbani. Rudi kwa daktari, na uombe kipimo kingine.