GARI LILILOGEUKA MASHUA

Mtu akifa huacha mali, na aghalabu mali hiyo huwa chanzo cha ugomvi miongoni mwa waliobaki. Nyumba hugombewa, shamba hukatwa vipande, na hata redio ya marehemu huweza kuwatenga ndugu waliokuwa wakila sahani moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kisa cha Richard Colton, Mwingereza aliyefariki mwaka 2015, kinafaa kusimuliwa katika nyumba zetu. Bwana huyo aliacha magari mawili ya fahari, naye alikwisha kuandika katika wosia wake nani wayachukue: si jamaa, wala si rafiki, bali chama kinachookoa watu baharini.

Magari hayo yalikuwa Ferrari, kazi ya mafundi wa Italia. La kwanza lilikuwa 250 GT SWB la mwaka 1960, lenye injini ya lita tatu na silinda 12. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, na bodi ikaundwa katika karakana ya Scaglietti mjini Modena. Lilikuwa gari ambalo mwenyewe aliweza kuliendesha hadi kiwanja cha mashindano, akashindana, kisha akarudi nalo nyumbani. Magari ya namna hiyo hayakufika hata 200. La pili lilikuwa 275 GTB/4 la mwaka 1967, nalo pia la silinda 12.

Mnamo Oktoba 2015 magari hayo yalinadiwa huko Duxford, Uingereza, penye jumba la makumbusho ya ndege za vita. Lile la mwaka 1960 lilinunuliwa kwa pauni milioni 6.6, na mwenzake kwa pauni milioni 1.93. Fedha zote zilizopatikana zilipita pauni milioni nane na nusu.

BEI NA FAIDA

Mfanyakazi asomaye tarakimu hizi ana haki ya kuguna. Gari la kubeba watu wawili tu, lisiloweza kupakia hata magunia matatu ya mahindi, linawezaje kufikia bei hiyo? Jawabu ni kwamba bei yake haikutokana na manufaa. Ilitokana na uchache, uzuri, na sifa za mashindano ya zamani. Matajiri wawili wakikitamani kitu kimoja ambacho hakiundwi tena, bei haina mwisho. Lakini gari hilohilo likiwa limefungiwa bandani halimpeleki mgonjwa hospitali, wala halimfikishi mtoto shuleni.

Hapo ndipo ilipo hekima ya wosia ule. Marehemu hakuwaambia waokoaji wapande Ferrari. Aliwapa kitu wasichokihitaji ili wakiuze, wapate kile wanachokihitaji. Tamaa ya matajiri mnadani ikageuzwa kuwa uhai wa watu wengine.

WANAOTOA JASHO

Chama chenyewe, kiitwacho kwa kifupi RNLI, kiliundwa mwaka 1824 kwa juhudi za William Hillary, ambaye alikuwa ameshuhudia jinsi dhoruba zilivyoziangamiza meli karibu na Kisiwa cha Man. Hufanya kazi Uingereza na Ireland. Si idara ya serikali: huendeshwa hasa kwa michango ya raia na mali zinazoachwa katika wosia. Na kazi hiyo ni ya gharama. Mashua moja ya aina ya Shannon, yenye urefu wa zaidi ya mita 13 na mwendo wa maili 25 za bahari kwa saa, hugharimu zaidi ya pauni milioni mbili. Haina rafadha, hujisukuma kwa nguvu ya maji inayoyafyonza na kuyatupa nyuma, hivyo inaweza kuingizwa baharini kwa trekta kutoka ufukweni.

Mwaka 2018 mashua ya aina hiyo ilifika Hastings, mji wa wavuvi kusini mwa Uingereza. Ubavuni imeandikwa majina ya Richard na mkewe Caroline.

Hata hivyo, mashua haijiendeshi. Wengi wa wale waipandao ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine za kila siku. Wito ukilia usiku wa manane, huacha vitanda vyao vyenye joto na kuikabili bahari. Nao pia ni watoaji, na pengine wakubwa zaidi, kwani Colton alitoa mali asiyoihitaji tena, ilhali wao hutoa usingizi na kuhatarisha roho zao. Fedha bila watu hao ni chuma kilicholala ufukweni. Na watu hao bila fedha ni ushujaa usio na chombo.

BAHARI HAINA MPAKA

Mwaka 2021 walipolaumiwa kwa kuwaokoa wahamiaji katika mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, viongozi wa chama walijibu kwamba mtu anayezama huokolewa bila ya kuulizwa anatoka wapi. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamelaumiwa na baadhi ya magazeti ya kwao kwa kuchangia mafunzo ya kuogelea Zanzibar, pamoja na mavazi ya staha kwa wasichana wanaojifunza. Kazi hiyo pia waliitetea. Sisi tuliowazika mamia ya ndugu zetu baada ya kuzama kwa MV Spice Islander, Septemba 2011, hatuhitaji kuelezwa thamani ya mtu kujua kuogelea.

Msomaji atasema: mimi sina Ferrari. Ni kweli. Lakini yuko mwenye cherehani isiyoshonwa, mwenye vitabu vinavyoliwa na mchwa, mwenye ujuzi wa ufundi ambao hajamfundisha kijana yeyote. Na karibu kila mmoja wetu anaweza kupata karatasi na mashahidi, akaandika wosia wake angali na akili timamu.

Sanda haina mfuko. Jambo lililo mikononi mwetu ni kuamua, tungali hai, kama tutakavyoviacha vitawagombanisha watu au vitawaokoa.