Samaki wa bahari sebuleni: mtaji wa kwanza ni subira

MFUGAJI wa kambare anajua kwamba samaki wake huvumilia mengi. Maji yakichafuka, kambare hupanda juu na kuvuta hewa. Anayetaka kufuga kitatange, kangaja au samaki wengine wa mapambo kutoka baharini, iwe nyumbani kwake au kwenye mapokezi ya hoteli, aweke kando uzoefu huo. Samaki hawa wamezoea mwambani, ambako bahari ni kubwa na maji hubadilika polepole. Tangi la lita 100 huweza kuharibika kwa siku moja.

Hasara kwa wanaoanza hufanana sana. Mtu hununua tangi Jumamosi, hujaza maji, Jumapili huleta samaki sita. Siku chache baadaye wanaanza kufa, ilhali maji yanaonekana safi kabisa. Muuzaji hulaumiwa, mnunuzi huleta wengine, nao hufa. Kinachowaua ni amonia, ambayo samaki wenyewe huitoa kupitia matamvua. Mkulima anaifahamu: ndiyo inayowasha pua ndani ya banda la kuku lisilosafishwa, na ni sababu mojawapo ya kutoweka samadi mbichi kwenye miche.

Dawa yake hainunuliwi dukani. Ni bakteria wanaoota juu ya mawe na mchanga, kundi moja likigeuza amonia kuwa naitraiti, jingine likigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na sumu kali. Makundi haya huchukua kati ya wiki nne na sita kukamilika. Katika muda huo tangi huendeshwa bila samaki, pampu ikizunguka, na kipande kidogo cha kamba mbichi kikiachwa kioze ili bakteria wapate chakula. Vipimo vya matone vikionyesha amonia na naitraiti zimefika sifuri, ndipo samaki mmoja au wawili huingizwa. Kumlipia umeme na maji mpangaji ambaye bado hajahamia kunauma, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko kununua samaki mara tatu.

Kuhusu chumvi, ya jikoni haifai. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na ndani yake mna kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo chumvi ya mezani haina ya kutosha. Anayeishi Mwanza au Dodoma hana budi kununua chumvi maalumu, kilo tatu na nusu kwa kila lita 100. Wa pwani anaweza kuchota madumu matano ya lita 20, mradi achote maji yanapojaa, mbali na midomo ya mito kama Msimbazi na mbali na mifereji ya mji, na asichote baada ya mvua kubwa za masika.

Kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Maji yakipungua kwa jua au feni, chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 100 likipoteza lita 10, kila lita iliyobaki ina gramu 39 hivi badala ya 35. Kinachoongezwa hapo ni maji baridi yaliyochujwa, si ya bahari. Ya bahari hutumika pale tu unapotoa maji ya zamani na kuweka mapya, asilimia 10 hadi 20 kila wiki mbili.

Umeme nao upigiwe hesabu mapema. Pampu na taa za jumla ya wati 60, zikiwaka usiku na mchana, hula uniti 43 kwa mwezi. Ukikatika kwa saa nyingi, samaki hukosa oksijeni, hivyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri si anasa.

Wakati wa kununua, mnunuzi aombe muuzaji amlishe samaki mbele yake. Samaki anayegoma kula dukani hata kwa bei nafuu ni ghali. Pia aulize alikotoka. Pwani ya Kenya, tangu Shimoni hadi Kilifi, wapiga mbizi huwakamata samaki hawa kwa nyavu ndogo, na wengi husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Mpiga mbizi hulipwa kwa samaki aliye hai, kwa hiyo mfuko uliojazwa vibaya ni siku ya kazi iliyopotea. Matumbawe magumu ni suala jingine: yote yako chini ya mkataba wa CITES, na mfanyabiashara asiyeonyesha vibali aachwe.

Kutegemea bahari peke yake kuna hatari ya kibiashara. Mwaka 2017 uamuzi wa Mahakama Kuu ya jimbo la Hawaii ulisimamisha vibali vya kuvua samaki wa mapambo, na bei ya kangaja wa njano, aliyekuwa akitoka huko kwa wingi, ikapanda. Miaka miwili kabla, watafiti wa hapo hapo Hawaii walikuwa wamefanikiwa kwa mara ya kwanza kumzalisha samaki huyo akiwa amefugwa.

Rahisi zaidi ni yule wa rangi ya chungwa na milia myeupe aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, ambaye Martin Moe alimzalisha kibiashara huko Florida mapema miaka ya 1970. Wote huanza wakiwa madume, na mkubwa kuliko wenzake hugeuka jike, hivyo wawili wadogo wakikuzwa pamoja hatimaye huwa jozi. Mayai hutagwa juu ya jiwe na dume huyalinda kwa wiki moja au zaidi kidogo. Kazi ngumu huanza yakianguliwa: vifaranga hula vijidudu hai visivyoonekana vizuri kwa macho, navyo hulishwa mwani. Mzalishaji huanza na ndoo za mwani na vijidudu hivyo, wiki kadhaa kabla ya kutarajia yai la kwanza.