Giza Linalomfundisha Kijana Kuona

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na swali moja nililoulizwa darasani hapa Kakamega limenikaa moyoni hata nikaona heri niliandikie makala. Tulikuwa tukijadili jinsi Kiswahili kinavyojiundia istilahi za ufundi. Nikatoa mfano wa picha: kwamba picha kwanza hupigwa, kisha husafishwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akainua mkono na kuuliza: "Daktari, husafishwa uchafu gani?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini kicheko kilipotulia nikatambua kwamba miongoni mwa vijana wale hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuisubiri picha. Wamezaliwa wakakuta picha ikitokea kwenye kioo cha simu kabla kidole hakijainuka.

Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1990 twakumbuka hali nyingine. Mpiga picha alikuja shuleni siku ya wazazi, akatupanga mistari mitatu, warefu nyuma na wafupi mbele, kisha akatoweka na mkanda wake kwa majuma mawili. Katika muda huo wote hakuna aliyejua kama alikuwa amefumba macho au la. Picha iliporudi ilipokewa kwa mikono miwili, ikatazamwa, ikabishaniwa, ikawekwa katika albamu ya nyumbani ili mgeni apewe kabla ya chai.

Turudi kwenye swali. Je, ni uchafu gani unaosafishwa? Mwalimu wa kemia aweza kunisaidia hapa. Mkanda wa picha na karatasi ya kuchapia hupakwa chumvi za fedha, yaani madini yale ya fedha yakiungana na klorini, bromini au iodini. Mwanga ukizigusa chumvi hizo, mabadiliko hutokea ambayo jicho haliyaoni. Picha imo, lakini imejificha. Dawa ya kwanza huyageuza yale yaliyoguswa na mwanga yakawa fedha nyeusi, na hapo sura huchomoza. Dawa ya pili, yenye asidi hafifu mithili ya siki, huizuia ya kwanza isiendelee. Dawa ya tatu huziondoa chumvi zote ambazo mwanga haukuzigusa, kwani zikibaki, picha yote itakuwa nyeusi siku itakapotolewa nje. Mwisho huja maji mengi. Kumbe neno letu halikukosea. Kipo kinachoondolewa, na pasipo kuondolewa picha haidumu. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwanafunzi wangu.

Wiki mbili baadaye alinijia ofisini akiwa na mdogo wake, kijana wa miaka 16 anayesoma sekondari. Ndipo nilipojua kwamba swali lile halikuwa la mzaha. Babu yao aliwahi kuwapiga watu picha za vitambulisho mjini hapa, na alipofariki aliacha darini kamera ya mkanda pamoja na mashine ya kukuza picha, vyote vimeviringishwa kwenye gunia. Kijana alivishusha, akavipangusa, akaagiza dawa na karatasi zikaja kwa basi kutoka Nairobi. Bafu la nyumbani likageuka chumba cha giza: blanketi dirishani, taa nyekundu ukutani, mabeseni matatu sakafuni. Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu mama aliufungua mlango akitafuta beseni lake la kufulia.

Nilimwuliza kijana yule ni nini kinachomvuta. Hakunitajia mashine. Alinitajia mambo ya hapa kwetu: jinsi nuru inavyopenya vipandevipande katika Msitu wa Kakamega, ukungu wa alfajiri mafahali wa Isukha wanapoongozwa uwanjani kupigana, jiwe la Ilesi ambalo watu husema linalia, na wapiga ngoma ya isukuti wanapotoa jasho. Mkanda wake una nafasi 36 tu, naye huchukua majuma matatu kuumaliza. Alisema kwamba kabla ya kubonyeza huzunguka kitu mara kadhaa, kwa kuwa hana nafasi ya kuchezea.

Kisha akanionyesha picha tano za nyanya yake. Zote zimetoka katika negativu moja. Bibi ameketi mlangoni pa jikoni akipukuchua mahindi, na nyuma yake ukuta umepigwa na jua kali. Katika picha ya kwanza ukuta unang'aa, lakini uso wa bibi ni weusi tititi, hauna macho wala mikunjo. Mashine iliushughulikia ukuta, nyanya ikamsahau. Kijana akarudi gizani. Karatasi ilipokuwa ikipokea mwanga, aliuweka mkono wake kati ya taa na karatasi, akaukinga uso wa bibi kwa sekunde chache usiungue, akiutikisa mkono taratibu ili alama yake isionekane. Mara ya pili alizidisha, bibi akapauka kama mgonjwa. Mara ya tatu mikono ikapotea. Mara ya tano bibi alikuwa yeye mwenyewe: macho yanacheka, na vidole vyenye mahindi vinaonekana kila kimoja.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu leo. Chumba cha giza humfundisha kijana kwamba kile alichopewa na mashine si neno la mwisho. Humfundisha kurudi, kutazama tena, kukiri kosa na kulirekebisha kwa mkono wake. Sisi tunaofundisha lugha tunalijua somo hili kwa jina la rasimu. Tunawasihi wanafunzi waandike insha, waisome, waifute, waiandike upya. Nao hutuletea ile ya kwanza, wino haujakauka. Kijana huyu, ambaye hakuna mwalimu aliyemfundisha rasimu ya picha, ameandika rasimu tano za uso wa nyanya yake.

Wala yeye si wa kwanza. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akalelewa Dar es Salaam. Angali mwanafunzi alipata kamera ya Brownie iliyokwisha kutumika, chombo cha sanduku kisicho na makuu, akajifunza kusafisha na kuchapa picha zake mwenyewe. Mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Ni huyuhuyu aliyeirekodi njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na filamu yake, iliyotangazwa pamoja na maelezo ya Michael Buerk wa BBC, ikauamsha ulimwengu ukachanga misaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa, akarejea kazini. Alifariki mwezi Novemba 1996, ndege aliyoabiri ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Sisemi kwamba kila mtoto mwenye kamera atakuwa Mohamed Amin. Nasema tu kwamba jicho lile lililoitazama njaa bila kupepesa lilianza kunolewa ujanani, kwa kamera ya bei nafuu.

Tumtazame pia Samuel Fosso, mzaliwa wa Kameruni. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, alifungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mchana aliwapiga wateja picha. Jioni, mkanda ukibakiwa na nafasi kadhaa, hakutaka zipotee bure. Alijipiga picha mwenyewe, akivaa mavazi ya kila namna, na nyingine alimpelekea nyanya yake Nigeria. Picha hizo za makombo ya mkanda ndizo zilizompa sifa duniani alipokuwa mtu mzima. Uhaba ndio uliomfundisha ubunifu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kwanza, watasema kwamba huku ni kurudi nyuma ilhali dunia inakwenda mbele. La hasha. Siwaambii vijana watupe simu. Hata mimi hutumia yangu. Lakini hatukuacha kuwafundisha watoto kujumlisha kwa akili kwa sababu kikokotoo kipo. Anayejua picha inavyoumbika kwa mwanga, muda na subira ataishika simu yake kwa busara zaidi kuliko anayedhani kwamba picha huzaliwa na kidole.

Pili, watasema kwamba picha ya simu yatosha kuhifadhi kumbukumbu. Nawakumbusha habari za Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1935 na kuuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Negativu zake zilikaa miongo kadhaa katika gereji mjini Nairobi. Zilipofunuliwa, sura za Kenya iliyokuwa ikipigania uhuru zilikuwa zingali pale, zikachapishwa tena na kuonekana. Je, picha zilizo katika simu iliyotumbukia mtoni mwaka jana zitafunuliwa na nani?

Tatu, na hili ni zito, watasema kwamba gharama haivumiliki. Ni kweli mikanda ni ghali, na studio zenye kusafisha picha ni adimu. Lakini shule haihitaji kuanza na mkanda. Chukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, upake rangi nyeusi ndani, utoboe kwa ncha ya sindano, utie karatasi ya picha ukiwa gizani na uzibe tundu. Toa mkebe nje, ufunue tundu kwa nusu dakika au zaidi kulingana na jua, ulizibe tena. Hiyo ni kamera kamili. Na asistaajabu mtu, kwani neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Takriban miaka 1000 iliyopita mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra aliandika kwa Kiarabu juu ya nyumba ya giza na nuru ipitayo katika tundu. Kamera zote ni wana wa chumba kile.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Mtaala wa umilisi umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nachelea kwamba katika shule nyingi njia hii itaishia kwenye kwaya na kandanda, nayo sanaa ya picha ifundishwe ubaoni kama nomino. Kila shule ina stoo iliyojaa madawati mabovu na mifagio. Iondolewe mifagio, dirisha lizibwe, maji yawe karibu, tundu la kupitishia hewa lisisahaulike kwa sababu dawa zile zina mvuke, na mabaki yake yasimwagwe ovyo mtoni. Mwalimu wa kemia afundishe chumvi za fedha, wa fizikia afundishe miale, wa sanaa afundishe jicho, na sisi wa lugha tumwombe mwanafunzi aieleze picha yake kwa aya tatu. Chumba kimoja, masomo manne.

Kijana wetu wa Kakamega atafanya mtihani wake kama wenzake, na katika karatasi zote hakuna swali litakalomwuliza alifanyaje hata uso wa nyanya yake ukatokea. Wapo jamaa walioanza kumwambia aache mchezo huo wa bafuni ashike vitabu. Nawasihi wasimzimie taa yake nyekundu. Ile picha ya tano sasa imetundikwa sebuleni kwao. Naambiwa kwamba bibi alipoiona mara ya kwanza alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani aliyemwambia mtoto huyu kwamba vidole vyake viko hivyo. Hakuna aliyemwambia. Aliviona mwenyewe, gizani.