Je, Watu Wakizidi, Furaha Hupungua?

Yako maneno ambayo husemwa kwa upole katika vikao vya wataalamu, na kwa ukali sokoni, ya kwamba dunia imejaa. Mwezi wa Novemba 2022 walimwengu tulitimia milioni elfu nane. Sensa ya mwaka huo huo ilituonyesha sisi Watanzania kuwa tumefika 61,741,120, hali mwaka 1967 tulizidi kidogo tu milioni kumi na mbili. Basi wasemao hivyo huendelea kutuambia kwamba furaha ya binadamu ni kama ugali katika sinia: mikono ikizidi, tonge hupungua. Twapenda kulipima neno hilo, na mahali pa kulipimia tumechagua Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Rusimbi si mahali pa fahari. Ni moja ya kata za mji uliounganishwa kutoka miji miwili, Kigoma wa reli na bandari, na Ujiji wa misafara ya kale. Nyumba zimekaribiana hata maji ya mvua ya bati la mmoja huangukia uani kwa mwenziwe. Mtoto akilia usiku, jirani huamka. Lakini mtu wa Rusimbi akifiwa hana haja ya kutuma mjumbe mbali, na akikosa chumvi haendi dukani kwanza. Mtaalamu apimaye nafasi kwa futi angeandika kwamba hapa pana dhiki. Angekuwa amesema kweli, lakini angekuwa amesema nusu.

Fikira hii ya kuogopa wingi wa watu si ngeni. Mwaka 1798 Mwingereza mmoja, Thomas Malthus, aliyekuwa kasisi, alitoa kitabu akidai kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula chao, na kwamba wasipojizuia wenyewe, njaa na maradhi na vita vitawapunguza. Wakati huo walimwengu hawajatimia hata milioni elfu moja! Twaona jambo moja la ajabu katika hoja za namna hii tangu siku zile hata leo: asemaye kwamba watu wamezidi hajihesabu yeye kuwa miongoni mwa waliozidi. Waliozidi ni wengine daima. Ni maskini, au ni wageni, au ni watoto wa jirani.

Tena, kama uchache wa watu ungekuwa ndio furaha, basi babu zetu wa mwambao wa Tanganyika wangalikuwa watu wa raha kuu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 nchi ilikuwa na nafasi tele. Lakini katika soko la Ujiji wa zama zile binadamu mwenyewe alikuwa bidhaa, pamoja na pembe za ndovu. Baadaye, katika nchi ya Buha, watu walipungua vijijini kwa sababu nyingi, na moja ya sababu hizo ilikuwa kodi ya mkoloni. Mtu hakuwa na fedha ya kodi, basi alifunga safari ya mamia ya maili kwenda kukata mkonge Tanga, akawa manamba. Tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ilikuwa na kazi ya kuwakusanya watu hao kama mtu akusanyavyo kuni. Mashamba ya Buha yalipokosa mikono, pori lilirudi, na pamoja na pori akarudi ndorobo na ugonjwa wa malale, hata katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikawakusanya watu kwa amri wakae pamoja ili mbung'o washindwe. Waama, nchi ile ilikuwa na nafasi, lakini nafasi yenyewe ilikuwa ya mbung'o.

Na tuongeze hili. Mwananchi aliyezaliwa siku za Uhuru hakutarajiwa kufika miaka hamsini. Leo, ingawa tumekuwa mara tano ya tulivyokuwa mwaka 1967, umri wa kutarajiwa umepita miaka sitini. Tonge limegawanywa mara tano, na wenye kula wanaishi zaidi. Kwa hiyo mfano wa sinia una kasoro mahali fulani.

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani kwamba twasema wingi haudhuru kitu. Wako watu wa Kigoma waliokwisha kuona kwa macho yao maana ya kusongana. Mwezi wa Mei 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, chenye milima mgongoni na ziwa mbele. Barabara haikuwapo. Njia ilikuwa maji tu, na meli iliyotegemewa ilikuwa Liemba, ile ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924. Nafasi yake ni abiria 600. Ikaenda na kurudi, kwenda na kurudi, ikiwashusha watu Kigoma, nao wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kule ufukweni kipindupindu kiliingia. Maelfu waliugua, na makumi wakafa.

Hapo twataka kukaa kidogo. Ziwa Tanganyika lina yapata sehemu moja kwa sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia yasiyo barafu. Watu wa Kagunga walikufa kwa kukosa maji safi hali miguu yao ilikuwa ndani ya maji hayo. Je, waliuawa na wingi wao? Kwa sehemu, ndiyo. Watu wachache wasingelichafua ufuko kwa siku chache. Lakini waliuawa zaidi na ukosefu wa vyoo, wa dawa ya maji, wa chombo cha pili cha kuwachukua. Viwanja vya mpira hujaa watu wengi kila Jumapili, na hakuna afaye kwa kipindupindu. Wingi bila matayarisho ni msiba, na matayarisho ni kazi ya watu, si ya maumbile.

Sasa tufike kwenye samaki, maana hapa ndipo hoja ya Malthus inapotubana kwelikweli. Viko vitu ambavyo mtu akimpa mwenziwe yeye hapungukiwi. Mwalimu afundishaye watoto arobaini hapotezi hesabu zake. Taarabu haipungui utamu kwa kusikilizwa na mtaa mzima. Dagaa si wa namna hiyo. Dagaa aliyeingia wavu wa mmoja hataingia wavu wa mwingine. Wavuvi wa Kibirizi huondoka jioni na taa zao, huvuta dagaa kwa mwanga usiku, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika kwa kuwa taa hazifai kitu. Zamani mwezi ulikuwa ndio likizo ya ziwa. Leo vyombo ni vingi, taa ni nyingi, na nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zachota katika chungu kimoja.

Lakini hata hapa pana jambo ambalo halikosi kutuudhi. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2003, na mwingine wa 2016, ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba. Chakula cha samaki hupungua, na samaki nao hupungua. Joto hilo halikutoka Rusimbi. Limetoka kwa viwanda na magari ya nchi ambazo watu wake ni wachache kuliko watumiavyo. Basi ni nani aliyeijaza dunia? Mtu mmoja mwenye magari matatu aweza kuchukua nafasi kubwa kuliko ukoo mzima wa mvuvi, ingawa katika sensa kila mmoja wao huandikwa kichwa kimoja.

Tangu 2012 hutolewa taarifa karibu kila mwaka ya kupima furaha ya mataifa. Mtu huambiwa awaze ngazi yenye vipandio kumi, aseme amesimama kipandio gani. Uholanzi, nchi yenye watu zaidi ya 500 katika kilomita moja ya mraba, huwa miongoni mwa walio juu. Sisi, wenye watu wapatao 70 tu, huwekwa karibu na mkiani. Hatuiamini sana ngazi hiyo (kwetu mtu mwungwana akiulizwa hali hujibu kwa adabu, hajisifu mbele ya mgeni), lakini hata kwa kipimo chao wenyewe msongamano si ndio uamuao.

Kuhusu uzazi, twasema kwa ufupi. Mzazi ana haki ya kujua njia za kupanga watoto wake; UMATI imefundisha neno hilo hapa nchini tangu 1959, na katika vijiji jirani na Gombe mpango wa Tacare, ulioanza 1994, ulikwenda kwa wanakijiji na elimu ya uzazi, miti ya kupanda na msaada wa masomo kwa wasichana, vyote kwa pamoja. Huko ndiko kuheshimu watu. Kumwambia mama wa Rusimbi kwamba watoto wake ni mzigo wa dunia, na kisha kumwacha bila shule wala zahanati, ni matusi.

Lililobaki mbele yetu ni hili. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kwa miezi mitatu, kwa mapatano ya nchi hizo nne, ili samaki wapate kuzaana. Twaliunga mkono jambo hilo bila kigugumizi. Kitu kigawanyikacho hakina budi kuwekewa sheria. Lakini njaa ya miezi mitatu nayo yafaa igawanywe. Mwenye chombo na injini ana akiba, au ana wa kumkopesha. Baharia aliyelipwa kwa fungu la samaki hana. Mama anunuaye dagaa alfajiri, akawaanika mchangani na kuwageuza juani, akawauza kwa kibaba ili alipe ada na kodi ya chumba, yeye hana chombo wala leseni, na kufungwa kwa ziwa ni kufungwa kwa jiko lake. Kama majina ya mabaharia hao na mama hao hayamo katika daftari za mialo, na yaandikwe sasa, mwalo kwa mwalo, kabla ya ziwa kufungwa tena, ili mikopo na vizimba vya kufugia samaki vitakapogawiwa, visiishie kwa wenye injini.