Badilisha Kitu Kimoja Tu

Ripoti ya mwanafunzi wa sekondari ya msingi nchini Kenya huja na ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Mzazi akiona mwanawe "amefikia matarajio" katika Sayansi Jumuishi, humshukuru Mungu na kuikunja karatasi. Wachache huuliza matarajio yenyewe ni yapi. Na mwalimu akiulizwa, mara nyingi hujibu kwa kutaja mada: michanganyiko, asidi na besi, ngozi na figo, sumaku. Lakini mada ni uwanja tu. Matarajio ni kile ambacho mtoto anaweza kukifanya akiwa uwanjani.

Mtaala wa Umilisi uliingia sekondari ya msingi Januari 2023 na kundi la kwanza la Gredi ya 7, na uchunguzi wa kisayansi ukawekwa mwanzoni kabisa mwa somo, pamoja na usalama wa maabara na matumizi ya vifaa. Mpango mzuri. Kasoro ni kwamba madarasa haya yaliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kuwa na maabara. Basi mtoto hufundishwa usalama wa maabara kwa michoro ubaoni, na silinda ya kupimia huijua kwa picha kitabuni. Walimu wamelalamika, tena kwa haki. Hata hivyo kilio hiki kimefunika jambo ambalo naliona kuwa zito zaidi: stadi kuu ya vitendo kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 haihitaji maabara, na hata penye maabara ya kupendeza mara nyingi haifundishwi.

Stadi hiyo ni kubadilisha jambo moja, kuyaacha mengine yote kama yalivyo, kisha kupima kinachotokea kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Ukiisoma hivi unaiona nyepesi. Ngoja uone darasani.

Chukua uzi, jiwe dogo na simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Funga jiwe, ning'iniza uzi kwenye ukingo wa dawati, vuta jiwe pembeni kidogo, liachie. Hiyo ni pendulamu. Swali la darasa: ni nini kinachoamua jiwe liende na kurudi kwa muda gani? Watoto watasema uzito wa jiwe, urefu wa uzi, umbali wa kulivuta, au nguvu ya kulisukuma. Majibu yote yanafaa kuandikwa, kwa kuwa yote yanaweza kujaribiwa. Jean Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder walitumia swali hilihili katika kitabu chao cha 1955 kuhusu fikra za vijana wanaobalehe. Watoto wadogo hubadilisha mambo mawili matatu kwa mpigo, jiwe zito kwenye uzi mfupi dhidi ya jiwe jepesi kwenye uzi mrefu, kisha hudai kwamba uzito ndio uliofanya kazi. Kutenganisha mambo hayo hakuji kwenyewe kwa kuongezeka umri. Hufundishwa.

Kabla ya kutenganisha, lazima kupima. Uzi ukiwa na sentimita 25 kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe, safari moja ya kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde 1. Kidole cha binadamu huchelewa au kuwahi kubonyeza saa kwa karibu sekunde 0.2. Ukipima safari moja, kosa hilo ni sehemu ya tano ya jibu lako zima. Ukipima safari 10, ambazo ni kama sekunde 10, kosa ni lilelile lakini limegawanywa kwa kumi. Hiyo ndiyo maana ya agizo la "hesabu safari kumi" lililomo vitabuni, agizo ambalo wanafunzi wengi hulitii miaka yote bila kuambiwa sababu yake.

Sasa simama nyuma ya kundi moja usikilize wanavyohesabu. Anayeachia jiwe hutamka "moja" papo hapo anapoliachia. Akifika "kumi" anasimamisha saa, nayo inasoma sekunde 9. Kundi la jirani limepata 10. Ubishi unaanza: saa yenu mbovu, uzi wenu mfupi. Mwalimu mwenye haraka atawapa jibu sahihi na kusonga mbele. Mwenye subira atawataka wahesabu tena kwa sauti, mpaka mmoja agundue kwamba jiwe linapoachiwa halijasafiri bado, kwa hiyo hesabu inaanzia sifuri. Dakika tano zimepotea, lakini mtoto huyo amejifunza kuhusu vipimo jambo ambalo hotuba ya kipindi kizima isingemfunza.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hata walimu. Darasa linataka kujua kama uzito una athari. Wanafunga jiwe dogo lenye kipenyo cha sentimita 2 kwenye uzi wa sentimita 25, wanapima safari kumi: sekunde 10.2. Wanalifungua, wanafunga jiwe kubwa la sentimita 8 kwenye uzi uleule: sekunde 10.8. Wanarudia, wanapata vilevile. Hitimisho linaandikwa daftarini: jiwe zito huenda polepole. Limeandikwa kwa uaminifu, kwa vipimo vilivyorudiwa, na si kweli. Urefu wa pendulamu haukomi kwenye fundo. Unafika katikati ya jiwe. Katikati ya jiwe dogo ni sentimita 26 kutoka juu, na ya kubwa ni 29. Walidhani wamebadilisha uzito tu, kumbe na urefu umebadilika kimyakimya. Dawa ni kutumia gololi mbili za ukubwa mmoja, ya kioo na ya chuma kutoka kwenye beringi kuukuu. Ya chuma ina uzito wa takriban mara tatu ya ile ya kioo, na muda wa safari zao hautofautiani.

Mtego huu nimeueleza kwa urefu kwa sababu una jamaa maarufu sana Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa haba. Mwenzake akaharakisha, akatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, akiogopa kukosa trei ya mwisho, akayatia yakiwa moto. Yake yakaganda kwanza. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mwanafunzi aliyedharauliwa na mwalimu wake, na alidharauliwa kweli. Linaloachwa nje ni lile linalomhusu mwalimu wa sayansi: siku ile ya kwanza vitu viwili vilitofautiana. Maziwa ya Mpemba yalikuwa ya moto, na pia yalikuwa yamechemshwa, ya mwenzake hayakuchemshwa. Kwa jaribio hilo peke yake, hakuna awezaye kujua sababu ni ipi.

Ninachokisifu zaidi kwa Mpemba ni hatua iliyofuata. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliacha maziwa na sukari. Alichukua bika mbili zinazolingana, moja ikiwa na maji ya bomba na nyingine maji moto, akaziweka pamoja mahali pa kugandishia. Kioevu kimoja, vyombo vya namna moja, mahali pamoja. Kilichobaki kutofautiana ni joto. Mtihani huo alijitungia mwenyewe, bila mwalimu kando yake. Baadaye Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizuru shule hiyo, akaulizwa swali, akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo na kupitia vya wengine, wakasema hawakuona ushahidi unaoridhisha kwamba maji moto hupoa hadi nyuzi 0 mapema kuliko ya baridi. Walionyesha kwamba ukiweka vipimajoto viwili kwa kina tofauti ndani ya maji, hata kwa sentimita 1, unaweza kudhani umeiona athari hiyo. Mjadala ungali hai. Ila sentimita 1 ya kipimajoto na sentimita 3 za jiwe letu ni kosa la aina moja, na anayelikamata la pili katika Gredi ya 8 hatashangaa akikutana na la kwanza chuoni.

Kwa nini basi stadi hii haifundishwi hata penye vifaa? Ian Abrahams na Robin Millar walifuatilia vipindi 25 vya sayansi ya vitendo katika shule za sekondari za Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Walimu walifaulu vizuri kuwafanya wanafunzi watende walichotakiwa kutenda kwa mikono: mimina, washa, soma kipimo. Walifaulu kidogo sana kuwafanya wafikiri juu ya walichokuwa wakikitenda. Mwanafunzi hufuata hatua moja baada ya nyingine kama mtu apikaye keki kwa kusoma pakiti, naye hupewa alama keki ikiumuka. Kwetu hali hii huzidishwa na kazi-mradi za kwenda nazo nyumbani, ambapo mzazi hununua manila na gundi saa mbili usiku, akajenga modeli ya figo mwenyewe, na mtoto akapewa "kuzidisha matarajio". Naona tungefuta nusu ya modeli hizo na hakuna kitakachopotea.

Sisemi maabara ni anasa. Hadubini haina mbadala wa uzi na jiwe. Asidi kali inapaswa kutiwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, na jambo hilo hujifunzwa vyema zaidi na mkono uliovaa glavu, chini ya jicho la mwalimu, kuliko kwa sentensi ya kukariri. Kusoma silinda ya kupimia, jicho likiwa sawa na sehemu ya chini ya mpindo wa maji, nako kunataka silinda. Serikali inadaiwa vifaa hivi na isisamehewe deni. Lakini shule inayongoja jengo ndipo ianze kufundisha uchunguzi inawapotezea watoto miaka mitatu.

Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 60 na vipindi vitano vya dakika 40 kwa wiki, pendulamu hutosha vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha kuuliza na kubashiri, na kila kundi liandike kwenye daftari litabadilisha nini na litayaacha mambo gani yalivyo, kabla ya kugusa uzi. Cha pili ni cha kupima, kila kipimo mara tatu, na kile kinachopotoka kisifutwe bali kiandikiwe maelezo pembeni. Hapo ndipo pa kutathmini, na hutahitaji karatasi ya mtihani: pita mezani, mwulize mtoto mmoja kwa nini uzi wake wameupima mpaka katikati ya jiwe. Jibu lake litakuambia yuko ngazi gani.

Cha tatu ni cha kurefusha uzi. Waambie wamepata sekunde 10 kwa sentimita 25, wabashiri watapata ngapi kwa sentimita 100. Karibu darasa zima litasema 40, maana urefu umekuwa mara nne. Wapime, uzi ukining'inia mahali pa juu kuliko dawati. Saa itaonyesha karibu 20, watasema wamekosea kuhesabu, na watataka kurudia bila wewe kuwaagiza.